Eka robo tatu na zamu ya maji

(Maneno niliyozungumza mbele ya wakulima wa tambarare ya chini ya Moshi, yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vijiji, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokuja moja kwa moja kutoka majarubani na tope likiwa bado miguuni, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa niseme juu ya ukubwa wa mashamba yetu na mpangilio wa mazao. Nitayasema yote mawili kwa pamoja, maana hapa kwetu hayaachani. Shauri langu ni moja, na nalitoa mapema ili hata atakayewahi kuondoka aende nalo. Kila jaruba la skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi lipate zao moja la uhakika kwa mwaka kabla ya jaruba lolote kupata mpunga wa pili. Na kalenda ya kufanya hivyo ikubaliwe na bloku nzima, yaani kundi zima la majaruba yanayopangiwa maji pamoja, kabla mbegu haijalowekwa. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya kwa nini.

Mtu akisimama Rau ya Kati asubuhi mlima ukiwa wazi, anaziona namna tatu za kulima bila kuhama. Huko juu kuna vihamba: migomba, kahawa chini yake, ng'ombe wawili wa ndani, na mfongo unaopita kando ya nyumba, uliochimbwa na ukoo enzi za mababu na kulindwa kwa zamu na kwa faini. Vihamba vimegawanywa mpaka vingi leo ni eka moja au pungufu. Ukienda kusini, Arusha Chini, kuna shamba la miwa la TPC lililoanza miaka ya 1930, maelfu ya hekta chini ya mkono mmoja, zao moja, injinia wake na mifereji yake. Katikati ndipo tulipo sisi. Tumeshuka kutoka vihamba vilivyojaa, tumeungana na wenzetu waliokuwa tambarare hii zamani na waliokuja wakati wa ujamaa, na maji tunayotumia ni ya mito ileile inayotoka mlimani.

Skimu yetu ilijengwa kati ya 1984 na 1987 kwa mkopo wa Japani. Mpango ulikuwa wa hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilitengwa kwa mpunga na zilizobaki kwa mahindi, maharage na mazao mengine ya nchi kavu. Yakajengwa mabanio ya kuchepushia maji kwenye Mto Njoro na Mto Rau, mifereji mikuu ikasakafiwa, na mashamba ya zamani yaliyokuwa ya kila umbo yakapangwa upya kwa kamba. Hapo ndipo lilipozaliwa jaruba tunalolijua wote: mita 100 kwa mita 30. Ni hekta 0.3, yaani eka robo tatu hivi.

Naomba tukae kidogo kwenye kipimo hicho, kwa sababu hakikuokotwa barabarani. Upande mfupi wa mita 30 unagusa mfereji mdogo, na hapo ndipo ulipo mlango wa maji. Upande wa pili unagusa mtaro wa kutolea maji. Kwa hiyo kila jaruba linakunywa peke yake na kumwaga peke yake, bila kuomba njia kwa jirani. Trekta inaingia, inageuka bila taabu, na mita 100 zinasawazishika vizuri. Kabla ya mradi, mpunga wa maeneo haya ulikuwa unatoa kama tani 2 kwa hekta. Baada ya mifereji, mbegu ya IR54, mbolea na kupandikiza kwa mistari, zikaja tani 6 na zaidi. Kwa jaruba moja hiyo ni kutoka gunia 6 za kilo 100 hadi gunia 18. Familia iliyokuwa inanunua chakula ikaanza kuuza. Watoto wamesomeshwa kwa majaruba haya, nyumba za bati zimejengwa, na mpunga ukawa fedha ya tambarare kama kahawa ilivyokuwa fedha ya mlima.

Mafanikio hayo yakaonekana, na yakaigwa. Wenzetu walioko juu ya mabanio waliona tunachovuna. Wana mto uleule, udongo unaofaa, na watoto wanaohitaji ada kama wetu. Wakafungua majaruba yao. Maji yaliyopangiwa hekta 1,100 yakaanza kugawanywa na mashamba ambayo hayakuwemo kwenye mchoro, na eneo la mpunga ndani ya skimu yenyewe likashuka. Siwalaumu. Mkulima akiona zao linalolipa na maji yanapita mlangoni kwake, atalima. Lakini kuanzia hapo ramani ya eka na ramani ya maji hazikulingana tena, na sisi tumeendelea kupanga kwa ramani ya eka kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa tufanye hesabu, na aliye na kalamu aandike.

Jaruba letu lina mita za mraba 3,000. Maji ya kina cha milimita 1 juu yake ni lita 3,000. Mpunga, ukijumlisha kulowesha udongo, kuuvuruga uwe tope, na kuweka maji tangu kupandikiza hadi siku za kukausha kabla ya kuvuna, unaweza kutumia milimita 1,200 kwa msimu kwenye udongo mzito kama wetu, mvua ikiwemo. Hizo ni lita milioni 3 na laki 6 kwa jaruba moja. Mahindi yanatosheka na milimita 600 hivi, yaani nusu yake. Maharage yanahitaji pungufu ya hapo. Kwa maneno mengine, mwenye mpunga mmoja wakati wa kiangazi anatumia maji ambayo yangelisha mahindi ya majirani wawili.

Na hiyo si sehemu ngumu kuliko zote. Sehemu ngumu ni wiki ya kuvuruga. Kulowesha jaruba kavu mpaka trekta au pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, iweze kulivuruga kunaweza kumeza milimita 200 ndani ya siku chache, yaani lita 600,000 kwa jaruba moja. Ikiwa bloku nzima imemwaga mbegu kitaluni juma moja, basi bloku nzima itataka kuvuruga juma moja, kwa sababu miche ya siku 21 hadi 25 haisubiri. Hapo mfereji hautoshi hata kama mto una maji. Wa mwanzo wa mfereji wanapata, wa mwisho wanabaki na vitalu vinavyozeeka. Mche wa siku 40 ukipandikizwa hautoi machipukizi ya maana, na mwenye jaruba la mwisho anavuna nusu. Kisha tunasema huyo ni mzembe wa palizi. Ukifuatilia ugomvi mwingi wa usiku kwenye milango ya maji, utaukuta ulianzia kitaluni.

Kwa hiyo naomba tukubaliane juu ya jambo hili: ukubwa wa shamba kwenye bonde la umwagiliaji hupimwa kwa maji yanayolifikia. Majaruba mawili mwishoni mwa mfereji yanaweza kuwa madogo kuliko moja lililo jirani na banio. Tukisema fulani ana majaruba manne na fulani ana moja, tuulize pia yako wapi na yalivuna mara ngapi miaka mitatu iliyopita. Daftari la skimu linaandika namba ya jaruba na jina la mwenye nalo. Naomba liongezewe safu mbili: zao lililopandwa, na kama maji yalifika mpaka mwisho wa msimu. Ni kazi ya mgawa maji wa kila mfereji kwa dakika tano kila juma, na bila hiyo tutaendelea kubishana kwa kumbukumbu.

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi, la urithi. Wengi waliopewa majaruba mwaka 1987 walikuwa watu wazima. Wengine wametangulia mbele ya haki, waliobaki ni wazee, na watoto wanagawana. Mlimani tuliona kihamba kikikatwa mpaka kikabaki cha kuzikia tu, na sasa tunakuja kukata jaruba.

Tuchukue watoto wanne na jaruba moja. Wakilikata kwa upana, kila mmoja anapata mita 25 kwa 30. Aliye mbele ana mlango wa maji. Wa pili, wa tatu na wa nne hawana. Maji yao yatapita kwenye jaruba la ndugu yao, na siku ndugu huyo atakapotia mbolea hatakubali yapite, kwa sababu yatabeba mbolea yake. Na wa nne ndiye mwenye mtaro, kwa hiyo wa kwanza hawezi kukausha shamba lake mpaka wote wakubali. Wakilikata kwa urefu, kila mmoja anapata ukanda wa mita 7 na nusu. Wote wanagusa mfereji, lakini sasa wanahitaji kingo tatu mpya. Ukingo wa nusu mita kwa urefu wa mita 100, mara tatu, ni mita za mraba 150. Asilimia 5 ya shamba imegeuka tuta la kupitia panya. Tena mlango mmoja unakuwa minne, na mgawa maji aliyekuwa anahesabu jaruba moja sasa anahesabu manne yenye zamu ya robo saa robo saa, muda ambao maji hayajafika hata nusu ya ukanda.

Ushauri wangu kwa familia ni kwamba jina ligawanywe, jaruba lisigawanywe. Waandikwe wote wanne kwenye daftari kama wenye hisa, walime kwa pamoja au walime kwa kupokezana misimu, au mmoja alime na awape wenzake gunia walizokubaliana mbele ya mashahidi. Zipo familia hapa hapa zinafanya hivyo na hazigombani, kwa sababu waliandikiana. Na ninaposema watoto wanne, nina maana ya wote, wa kike na wa kiume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Nendeni majarubani siku ya kupandikiza mhesabu migongo iliyoinama, kisha mfungue daftari mhesabu majina ya wanawake. Tofauti mtakayoiona inatosha kuwa ajenda ya mkutano mzima.

Kuna upande mwingine wa ukubwa wa mashamba ambao hauonekani kwenye daftari, nao ni kukodisha. Mzee hana nguvu, mjane hana fedha ya trekta na mbolea, kijana yuko Dar es Salaam. Anakuja mtu mwenye mtaji, mara nyingi wa mjini, anakodi jaruba hili, lile na lile. Kwenye karatasi tuna wakulima wadogo wa eka robo tatu, lakini mfereji mmoja unaweza kuwa na mtu mmoja anayelima majaruba kumi. Simkatazi kukodi. Analipa, anaajiri vibarua, na mwenye jaruba anapata kitu badala ya kuacha magugu. Ninachokikataa ni aliyekodi kwa msimu mmoja kuwa na sauti ya kutaka mpunga kiangazi, wakati hatakuwepo mwaka unaofuata kuzibua mfereji. Kalenda ya mazao iwe ya jaruba, imfuate yeyote anayelilima. Anayekodi asome kalenda kabla hajatoa fedha, na ada ya maji ailipe yeye mwenyewe kwa katibu, si kwa kupitia mkononi mwa mwenye shamba.

Mtaniuliza, kiangazi tukiacha mpunga tulime nini? Swali la haki, kwa sababu mpunga una soko na mahindi bei yake huanguka. Jibu langu ni kwamba tusiwe na zao moja la kiangazi. Bloku zilizo karibu na banio, zenye udongo mzito usiokauka, ndizo ziwe na zamu ya mpunga wa pili, na zamu hiyo izunguke kwa miaka ili isiwe ya watu walewale. Nyingine zilime mahindi, maharage, nyanya, vitunguu na mboga. Mji wa Moshi uko mlangoni, soko la Himo linaleta wanunuzi mpaka wa kutoka Kenya, ng'ambo ya Holili, na maharage mabichi hayangoji siku 120. Hata mabua yana thamani: mnajua jinsi magari yanavyopanda mlimani yamejaa mabua ya mahindi na majani ya mpunga kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Nyanya ina hatari yake, najua, ikiiva yote juma moja inamwagwa barabarani. Ndiyo maana kalenda ya bloku iseme pia ni majaruba mangapi ya nyanya, na ipande kwa kupishana.

Kuacha mpunga msimu mmoja kuna faida nyingine ambayo wataalamu wa Chuo cha Kilimo cha KATC pale Chekereni wamekuwa wakiifundisha miaka mingi. Ugonjwa wa kimyanga, ule unaoleta majani ya manjano na mpunga kudumaa, unaenezwa na wadudu wanaohama kutoka jaruba la kijani kwenda jingine. Mahali penye mpunga mbichi mwaka mzima pana ugonjwa mwaka mzima. Tukiweka mapumziko ya zao jingine, tukang'oa na masalia ya mpunga kingoni, tunakata njia. Kwa sababu hiyohiyo kupishana kwa bloku kusizidi wiki chache. Ukipishanisha kwa miezi, kweleakwelea watahama nanyi bloku kwa bloku mpaka Krismasi.

Na mpunga tutakaoulima tuulime kwa maji machache zaidi. Kilimo shadidi kimefundishwa hapa, na kinachowashinda wengi ni kuamini kwamba jaruba lililokauka juu halijakauka chini. Chukua kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, toboa vitundu nusu ya chini, kizike jarubani sentimita 20, toa udongo wa ndani. Utaona maji yaliko chini ya ardhi kwa macho yako. Mpaka yashuke sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mpunga hauna shida. Hapo ndipo unapofungua mlango. Wakati wa kutoa maua weka maji, usifanye majaribio. Njia hii inaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji ya umwagiliaji, na lita hizo zikibaki kwenye mfereji zina mwenyewe kule mwisho. Lakini hakuna atakayekausha jaruba lake ikiwa hana hakika kwamba zamu yake itafika siku iliyoandikwa. Watu wanajaza jaruba mpaka kwenye ukingo kwa hofu. Kalenda inayoheshimiwa inaondoa hofu hiyo, na bila kalenda bomba la plastiki litabaki pambo.

Nigusie mlima kwa kifupi. Wengi tunasema theluji ikiisha na mito itakauka. Barafu ya Kibo mchango wake kwenye chemchemi zetu ni mdogo sana. Kinachotulisha ni mvua inayonyesha kwenye msitu. Msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na kila mti unaokatwa huko ni jambo letu hata kama hatujawahi kufika huko.

Kuhusu wenzetu wa juu ya mabanio, mgogoro huu hautaisha kwa kuvunja mabanio yao ya mawe na magunia usiku. Yamevunjwa mara nyingi na yamejengwa tena kesho yake. Sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji inataka kila anayechepusha maji awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na Bodi ya Pangani ipo hapa Moshi. Tuketi nao kwenye jumuiya ya watumia maji, tukiwa na daftari letu lenye safu zile mbili, tuwaoneshe ni bloku zipi zinalima mpunga na zipi zimeacha kiangazi hiki. Tukifika mikono mitupu tukidai maji ya hekta 1,100 wakati tunajua hatuwezi kuzilima zote, watatusikiliza kwa adabu na kurudi kufungua milango yao. Tusisahau pia kwamba na sisi tuna watu chini yetu. Maji yanayotoka hapa yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, wako wavuvi na wako wanaosubiri umeme mpaka Hale na Pangani.

Ndugu Mwenyekiti, ninachoomba kifanyike ni hiki. Kila bloku ikutane kabla ya kitalu cha msimu ujao. Katibu alete orodha ya majaruba kama yalivyo leo, pamoja na waliokodi, na si kama yalivyokuwa 1987. Mgawa maji aseme kwa uwazi mfereji wake ulitoa maji ya kutosha majaruba mangapi mwaka jana. Kutokana na namba hiyo, bloku ichague yatakayolima mpunga wa kiangazi na yatakayolima zao jingine, ianze kwa kuyahakikishia zao moja yale ya mwisho wa mfereji ambayo hayakuvuna, kisha kalenda ibandikwe ofisi ya kijiji na kwenye kila banio. Atakayepanda kinyume asipewe zamu, awe nani, na mimi niko tayari kusimama mlangoni pamoja na mgawa maji siku hiyo.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Niulizeni maswali, tuanze na waliokaa nyuma.